Mgonjwa wa akili mbele ya sheria: yale ambayo tamthilia haituonyeshi

Saa tatu usiku, kuanzia Kihonda hadi Bigwa, na hata katika vijiji vya Uluguru ambako umeme umekwisha kufika, familia nyingi huketi mbele ya runinga. Rozari imesalishwa, au imeahirishwa. Na tukiri kwamba mara nyingi imeahirishwa. Tamthilia inaanza. Ziwe za hapa nyumbani, za Nairobi, za Nigeria, au zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, tamthilia za uhalifu zina mhusika mmoja anayerudi tena na tena kwa majina na mavazi tofauti: mtu aliyemwaga damu, na ambaye akili zake si timamu.

Makala hii haikusudii kuwakataza waamini kutazama tamthilia. Inauliza mhusika huyo anatufundisha nini, kwa sababu mafundisho yake hayabaki sebuleni. Tunakwenda nayo kwenye kikao cha ukoo, kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, na siku nyingine kwenye kizimba cha mashahidi.

Mwaka 1992 ilitoka Nigeria filamu ya Living in Bondage, ambayo wengi huihesabu kuwa mlango wa tasnia yote ya filamu za video katika nchi hiyo. Mhusika mkuu, Andy, anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Utajiri unakuja, lakini mzimu wa mke unamwandama, na hatimaye Andy anarukwa na akili. Mtindo huo umeigwa mara zisizohesabika, hapa kwetu pia. Muuaji hafikishwi mahakamani. Anaonekana jalalani, nguo zimechanika, akiongea peke yake, na mtazamaji anatosheka kwamba haki imetendeka. Wazimu umefanya kazi ya jaji.

Ni hadithi tamu, na madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani. Ikiwa kichaa cha kwenye filamu daima ni malipo ya dhambi, basi tunapomwona kijana wa jirani ameanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, swali la kwanza linalotujia si kama amefikishwa hospitali. Tunauliza: kafanya nini? Au: wazazi wake walifanya nini hata yakampata haya? Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilohilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, na Bwana alilikataa waziwazi. Miaka elfu mbili baadaye bado tunaliuliza, tena mara nyingine mlangoni pa kanisa.

Tamthilia za kisasa za upelelezi zimeliacha suala la mizimu, lakini zimeleta sura nyingine. Mgonjwa wa akili sasa ni muuaji mwerevu, mtulivu, mwenye tabasamu la kutisha, anayeua watu asiowajua. Hapa inafaa kusema jambo ambalo wataalamu wa afya ya akili wanalikubali kwa pamoja: wagonjwa walio wengi sana hawamdhuru mtu yeyote maishani mwao, na wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupigwa, kuibiwa na kunajisiwa kuliko wa kuwadhuru wengine. Hatari ipo, na kuikana si upendo. Huongezeka pale ugonjwa mkali unapoachwa bila tiba, hasa ukichanganyika na pombe au bangi. Lakini msiba unapotokea, mara nyingi hauwaangukii wapita njia. Unawaangukia walio karibu: mama anayempikia, kaka anayemzuia asitoke usiku, mtoto aliyelala chumba kimoja naye.

Hilo ndilo jambo ambalo tamthilia haina muda nalo. Tamthilia ya Kenya iitwayo Crime and Justice, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021, inawafuata wapelelezi wawili wa Nairobi katika uhalifu unaofanana na ule tunaousoma magazetini. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kipindi cha aina hiyo, popote kinapotengenezwa, kina saa moja tu ya kumpata mtuhumiwa na kumfikisha mwisho wake. Maisha hayana kikomo cha saa moja. Tuchukue mfano wa familia moja ya milimani, upande wa Mgeta, wanaolima mboga kwenye matuta. Kijana wao ameugua miaka miwili. Siku moja, akiamini kwamba kaka yake ametumwa kumuua, anamwua yeye kwanza. Mama huyo ni mama wa marehemu, na ni mama wa mshtakiwa. Atakaa upande gani wa chumba cha mahakama?

Kijana huyo atafikishwa kwanza katika Mahakama ya Wilaya, ambako hatatakiwa kujibu lolote, kwa kuwa shauri la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Sheria itamchukulia kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama ikipata sababu ya kushuku hali yake, inaweza kusimamisha shauri na kuagiza apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili achunguzwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mganga siku 42 za kuandika taarifa yake. Kwa kesi kama hizo hospitali hiyo kwa kawaida ni Mirembe, Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, pamoja na taasisi yake ya Isanga inayowapokea wagonjwa waliohusishwa na makosa ya jinai. Sisi Watanzania tumeligeuza jina la hospitali hiyo kuwa tusi. Watoto hulitumia wakiwa michezoni, na wakubwa hulitumia bungeni na vijiweni. Ni vema tukumbuke kwamba kwa familia fulani jina hilo ndilo anwani ya mtoto wao.

Mganga haulizwi kama mshtakiwa ni mtu mwema au mwovu. Kanuni ya Adhabu inauliza jambo finyu zaidi: wakati wa tendo, je, ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya asielewe anachofanya, au asiweze kutambua kwamba hapaswi kukifanya, au asiwe na uwezo wa kujizuia? Kuwa mgonjwa peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa akili na bado akawajibika, ikiwa ugonjwa huo haukumfikisha kwenye mojawapo ya hali hizo. Na aliyejilewesha kwa hiari yake hapati kinga kwa sababu tu alikuwa amelewa.

Hapa ndipo inapoingia sura ya tatu ya tamthilia, ile inayopendwa kuliko zote: mshtakiwa anayejifanya kichaa. Wakili mjanja ananong'ona, mshtakiwa anaanza kucheka ovyo, jaji anamwachia, na katika tukio la mwisho tunamwona akitoka nje akirekebisha tai yake. Mtazamaji anakasirika, na hasira hiyo anaibeba mpaka kwenye kesi za kweli. Ndiyo maana tukisikia kwamba mtu aliyeua amepelekwa Mirembe, husemwa palepale: ametoroka sheria.

Historia inasema vingine. Mnamo Januari 1843, jijini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiwa ameshikwa na imani kwamba chama tawala kinamwandama. Drummond alifariki siku chache baadaye. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona M'Naghten hana hatia kwa sababu ya wazimu, na nchi nzima ikaja juu, pamoja na Malkia Viktoria mwenyewe. Kutokana na ghadhabu hiyo majaji walitakiwa kueleza sheria ni ipi, na majibu yao yakasambaa katika makoloni ya Waingereza, yakafika Tanganyika, na bado yanasikika katika Kanuni yetu ya Adhabu. Lakini wachache hukumbuka kilichompata M'Naghten baada ya kuonekana hana hatia. Hakurekebisha tai akaenda zake. Alifungiwa katika hospitali ya vichaa, akahamishiwa Broadmoor, akafia huko mwaka 1865. Miaka 22.

Nasi tumerithi utaratibu huo pamoja na maneno yake. Mahakama ikiridhika kwamba mshtakiwa alitenda tendo lakini hakuwa na akili timamu, humwona hana hatia, wala haimwachii. Huagiza awekwe mahali pa uangalizi, na suala lake hupelekwa kwa Waziri. Kwa maneno mengine, mtu huyo anavuka kutoka mikono ya jaji, ambaye lazima atoe hukumu yenye tarehe na sababu, anaingia katika mikono ya ofisi ambayo faili lake ni moja kati ya mengi.

Jirani zetu wa Uganda wameonja matokeo ya jambo hilo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Fort Portal ilisikiliza ombi la mtu aliyemwua mtoto wake mwenyewe, akiamini kwamba anaua nyoka. Alikuwa ameonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, kisha akabaki kizuizini zaidi ya miaka kumi akisubiri amri ya Waziri ambayo haikuja. Jaji aliona kwamba haki ya mtu haiwezi kuning'inia kwenye barua isiyoandikwa, na kwamba mahakama yenyewe inao uwezo wa kutoa amri inayofaa. Nchini Kenya pia, majaji wa Mahakama Kuu wameona kwamba kumshikilia mgonjwa wa namna hiyo kwa ridhaa ya Rais, bila kikomo, ni kinyume cha Katiba. Mtu anayetiwa hatiani kwa wizi anajua siku atakayotoka. Yule aliyeonekana hana hatia hajui. Sijaona tamthilia iliyowahi kulionyesha hilo, labda kwa sababu kusubiri hakuna picha.

Yuko pia yule anayeanguka katikati: mgonjwa kweli, lakini si kwa kiwango ambacho sheria inakidai. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu imeweka adhabu ya kifo, na haimpi jaji nafasi ya kupima ugonjwa ule uliopunguza uwezo wa mtu bila kuuondoa wote. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, katika shauri dhidi ya Tanzania, iliamua kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Ni kweli kwamba nchi yetu haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994. Lakini kuishi miaka chini ya hukumu hiyo, kwa mtu ambaye akili yake tayari inamtesa, ni adhabu ya aina yake. Mafundisho ya Kanisa juu ya adhabu ya kifo, yaliyowekwa wazi zaidi na Papa Fransisko katika marekebisho ya Katekisimu mwaka 2018, yanatuhusu hapa moja kwa moja.

Kanisa, kwa kweli, halikujifunza jambo hili kutoka kwa Waingereza. Katekisimu inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, hata kufutika, kwa sababu ya hofu, kulazimishwa, na mambo mengine ya kinafsi. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 1322, unamhesabu asiye na matumizi ya akili kwa hali ya kudumu kuwa hawezi kutenda kosa la jinai la kikanisa, hata kama siku ya tendo alionekana mzima. Na kuhusu wale wanaokimbilia kusema kwamba kila aliyechanganyikiwa ana pepo, Katekisimu hiyohiyo inadai kwamba kabla ya ibada kuu ya kupunga pepo ihakikishwe kuwa jambo lililopo si ugonjwa. Padre anayempeleka mtu kwa daktari hajapungukiwa imani. Anatii Kanisa.

Je, haki ya aliyeuawa iko wapi katika yote haya? Swali hilo ni halali, na wanaotetea wagonjwa wa akili hulipita haraka mno. Aliyefiwa anaposikia maneno “hana hatia”, anasikia kama ameambiwa kwamba hakuna aliyekufa. Inampasa mtu amweleze, kwa uvumilivu na kwa lugha anayoielewa, kwamba mahakama imekiri tendo lilitendeka na limemwondoa mtu mwenye thamani. Ilichokataa ni kumpa lawama mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuibeba. Tofauti hiyo ni rahisi kuiandika. Kuieleza nyumbani kwa wafiwa, jioni ya arobaini, ni kazi ngumu ya kichungaji, nayo kwa kawaida haina mwenyewe.

Mwinjili Marko, katika sura ya tano, anasimulia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyeishi makaburini, ambaye watu walikuwa wamejaribu mara nyingi kumfunga kwa pingu na minyororo. Tunaikumbuka sana habari ya nguruwe. Tunasahau mambo mawili yaliyofuata. Watu walipomkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, waliogopa. Minyororo haikuwa imewatia hofu, bali kupona kwake. Na yeye alipomwomba Yesu afuatane naye chomboni, Bwana hakumruhusu. Alimwagiza arudi nyumbani kwa watu wake. Marko hatuambii walimpokeaje.

Kule Geel, nchini Ubelgiji, waliuchukua wajibu huo kwa uzito. Kutokana na ibada kwa Mtakatifu Dymphna, wagonjwa wa akili walianza kufika kuhiji tangu Enzi za Kati, na kanisa lilipojaa, wenyeji wakawapokea nyumbani mwao. Desturi hiyo haikufa. Katika miaka ya 1930 mji huo mdogo ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000 wakiishi katika familia za kawaida, wakila mezani na kufanya kazi shambani, na hadi leo zipo familia zinazopokea. Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ndiyo iliyochaguliwa katika miaka ya 1980 kuwa ya majaribio ya mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark. Wazo lake lilikuwa kwamba huduma ifike hadi zahanati, karibu na nyumba ya mgonjwa, badala ya kumsafirisha kila mmoja Dodoma. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1960, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alikuwa ameanza kuwatibu watu wenye kifafa, waliokuwa wakitengwa kwa hofu kwamba ugonjwa wao unaambukiza. Kifafa si kichaa, lakini kutengwa kulikuwa kulekule, na tiba iliwarudisha watu mezani kwa ndugu zao.

Turudi kwa kijana wetu wa Mgeta. Tuseme dawa zimemsaidia, amri imetoka, na hospitali inaona kwamba anaweza kuondoka. Safari ya Dodoma hadi Morogoro siku hizi ni fupi. Tangu mwaka 2024 treni ya mwendokasi huikamilisha kwa saa chache. Lakini afisa ustawi wa jamii anapotafuta mtu wa kumpokea, simu haipokelewi, au inapokelewa na kukatwa. Miongoni mwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na sauti ya mjomba ina uzito. Kikao cha ukoo kinaweza kuwa kimekwisha kuamua kwamba shamba lake apewe mwingine, na kwamba asikanyage tena. Si ukatili mtupu. Wanaogopa, na kaburi la kaka yake liko pale nyuma ya nyumba. Hivyo wako watu ambao wametibiwa, ambao hawana deni kwa sheria, na ambao wanabaki wodini kwa sababu tu hakuna mlango ulio wazi.

Mbele ya kikao kama hicho, jumuiya inaweza kufanya yale ambayo Waziri na mganga hawawezi. Inaweza kuchanga nauli ili mama aende kumwona mwanawe, tena asiende peke yake. Inaweza kumpata mtu mmoja, mwanamume au mwanamke anayeheshimiwa, atakayekubali namba yake iandikwe katika faili kama mtu wa kupigiwa. Inaweza kupanga zamu ya kumsindikiza kliniki kila mwezi na kuhakikisha dawa hazikatiki msimu wa mvua barabara ya mlimani inapoharibika. Ugonjwa hurudi zaidi pale dawa zinapokatika. Inaweza kumwomba Paroko akae na wajomba kabla uamuzi wa shamba haujafungwa.

Na kuna mjane wa marehemu, na watoto wake, ambao nao ni wa jumuiya hiyohiyo na husali Ekaristi ileile. Hao waulizwe wanaogopa nini, na wanahitaji nini ili waweze kulala usiku. Huenda jibu lao litakuwa kwamba kijana akae kwanza kwa ndugu wa Matombo au wa mjini, si pale kijijini. Na jibu hilo liheshimiwe. Mazungumzo hayo yafanyike mapema, yeye akiwa bado wodini, kabla hajakatiwa tiketi ya kurudi.